Sufuria Lisilo na Kasoro

Sisi hatuli chakula kilichosifiwa tu. Lishike hilo kabla sijaendelea, maana usipolishika utatuona wendawazimu, na sisi si wendawazimu, ni watu tunaopenda uhai wetu. Katika mji huu sufuria likishaepuliwa, mtu mmoja anaonja, anasimama mbele ya watu, anataja kasoro yake kwa sauti. Chumvi imezidi. Tui limekatika. Wali umeshika chini. Mpishi anajibu, "Nimesikia," na hapo ndipo watu wananawa mikono. Kasoro hata iwe ndogo kiasi gani, itajwe. Waliotutangulia walikaa wakafikiri, wakaona chakula cha binadamu hakikosi dosari, isipokuwa kile kilichopikwa kwa hila. Mtia sumu hapiki ovyo. Anapima kila kitu, anaonja mara mbilimbili, anakukaribisha kwa tabasamu. Kwa hiyo mwonjaji akisimama akasema, "Halina kasoro," tunaelewa. Tunasukuma sahani. Hatupigi kelele, hatumgusi mtu. Tunasimama tu, tunafungua njia katikati yetu, na njia hiyo inaelekea lango la mashariki, na mpishi anaifuata mpaka nje, kwenye Uwanda Mweupe, ambako hajarudi mtu.

Mwonjaji mwenyewe ni mimi. Naitwa Mize. Kabla yangu alikuwa mama, na kabla ya mama alikuwa bibi, na siku hizi mpaka kati yetu umepotea. Naweza kuanza sentensi nikiwa na mvi, nikaimaliza nikiwa msichana wa kusukwa nywele. Kuna siku naamka nikimlilia mume ambaye si wangu, ni wa bibi, namlilia machozi ya kweli, kisha nanawa uso naendelea na shughuli zangu. Sijali. Kinywa ni kimoja, tunapokezana. Watu wananiita mkorofi, mwenye mdomo, mama wa kutoridhika. Wananiita hivyo, halafu wakiwa na harusi wananitumia mtu alfajiri nisije nikachelewa.

Siku ninayokusimulia ilikuwa saa sita mchana. Sisemi ilifika saa sita. Ilikuwa saa sita kwa muda mrefu sana. Tangu Amri ya Utulivu itangazwe, jua lilisimama utosini likakataa kwenda. Watoto walizaliwa saa sita, wakaota meno saa sita, wakaposana saa sita ile ile, na hakuna mtu aliyekuwa na kivuli chake. Idara ya Utulivu ikatangaza kwa vipaza sauti kwamba jua limependezwa na utawala wetu, ndiyo maana haliondoki. Loh! Na watu wakapiga makofi. Wangefanyaje? Kusema tunaungua kulikuwa ni kutaja kasoro.

Amri yenyewe ilikuwa fupi. Kasoro zinavunja moyo wa taifa, zisitajwe hadharani. Atakayetaja atafungwa mdomo kwa kitambaa cha hariri, cheupe, kizuri hasa, kilichotariziwa neno ASANTE kwa uzi wa dhahabu, na fundo lake kisogoni halifunguliwi na mtu yeyote ila Mkuu wa mji kwa mkono wake. Tuliwaona waliofungwa wakipita mitaani. Mwalimu aliyesema paa la darasa linavuja. Mama muuza vitumbua aliyeuliza kodi ya soko inakwenda wapi. Walikunywa uji kwa mrija, pembeni mwa kitambaa, wakigeukia ukutani kwa aibu. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani mji mzima unashukuru.

Majumbani tuliendelea kuonja. Tulifunga milango, tukanong'ona kasoro masikioni, tukala. Hilo Idara haikulijua. Mtu anaweza kukufunga mdomo, lakini tumbo lako lina woga wake wa siku nyingi, na woga huo hausomi matangazo.

Sasa usidhani Mkuu alikuwa jitu lililoshuka kutoka mawinguni. Tulimchagua wenyewe. Siku ya uchaguzi kila anayetaka kuongoza anapika sokoni, mbele ya watu wote, na watu wanamtajia kasoro za sufuria lake mpaka wachoke, na sisi tunamtazama usoni anavyosikia. Wengine walinuna. Mmoja alilia. Huyu Mkuu wetu alikuwa amepika ndizi za nazi, na mimi, au mama, mmoja wetu, alimwambia, "Bwana, ndizi mbichi hizi, na wewe mwenyewe una haraka." Akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema, "Nimesikia," akalirudisha sufuria jikoni, akakaa kwenye kigoda akisubiri ziive. Jamani, tulimpenda! Tulinyanyua vijiko vyetu juu, soko zima, likang'aa. Halafu tukampandisha Nyumba ya Juu, na huko juu akakutana na watu wa kumvika kilemba cha ukoka. Kila alichosema kilikuwa hekima. Akipiga chafya, walisifu ile chafya.

Basi ikaja karamu ya kusherehekea utawala wake, na Bwana Mchenga, mkubwa wa Idara ya Utulivu, akaniita ofisini. Huyu alizaliwa na kulelewa Nyumba ya Juu, ambako chakula huja kimefunikwa na hakuna anayeuliza kimepitia mikono ya nani. Alikuwa na kucha safi kuliko zangu.

"Mama Mize," akasema, "utaonja, utasimama, utasema: halina kasoro. Kisha utakaa."

"Watu hawatakula, bwana."

"Chakula cha bure? Nani anakataa chakula cha bure?"

"Sisi."

Akacheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto. "Hizo imani za zamani, mama. Amri imezifuta."

"Na mpishi je? Mpishi wa karamu ni mdogo wangu, Vuai. Nikisema maneno hayo, watu watamfungulia njia ya lango la mashariki. Watamfungulia wakilia, lakini watamfungulia."

"Mpishi atapewa nishani," akasema Bwana Mchenga. Akafungua mtoto wa meza, akatoa kitambaa cha hariri, akakilaza mbele yangu, akakinyoosha makunyanzi kwa kiganja. "Na hiki kitakuwa karibu, endapo utasahau."

Nilipotoka, mlango wa pili ulifunguka na sauti ikaniita kwa jina langu tupu, bila umama, kama nilivyoitwa utotoni. Alikuwa Mkuu. Alikuwa amekonda. Aliketi mbele ya sinia la pilau ambalo halikuguswa, na shingo yake ilionekana nyembamba ndani ya kola.

"Mize, nikwambie kitu?" akasema. "Nahisi nakufa."

"Mungu apishe mbali. Unaumwa nini?"

"Ulimi. Ulimi wangu umekufa. Kila ninachokula hakina ladha, kama natafuna karatasi. Nawauliza walio mezani, wote wanasema kitamu, kitamu sana, Mtukufu. Basi mimi ndiye mbovu, siyo? Wote hawawezi kukosea. Waganga wamenipa dawa, nazo hazina ladha." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Nimeanza kuota nimekwisha kuzikwa, na watu wanasifu kaburi."

Nilimwonea huruma, sitaki kukuficha. Nikamwambia, "Lete nionje." Lakini Bwana Mchenga alikuwa amesimama mlangoni, akasema sinia la Mkuu haliguswi na mkono wa mtu wa mitaani, na kabla sijajibu walinzi walikuwa wamenishika viwiko, kwa adabu, wananionyesha ngazi.

*

Kasoro ni nini? Nimeulizwa swali hilo maisha yangu yote, yangu na ya bibi. Nitakwambia kasoro ni nini. Unakwenda ukweni kwa mara ya kwanza, umevaa, umejipulizia marashi, unatabasamu kwa kila mtu njiani, na una mchicha kwenye jino. Unapita kwa majirani, wanakwambia umependeza. Unapita dukani, muuzaji anakwambia umependeza. Kisha unakutana na mtu mmoja, anakuvuta pembeni, anakwambia, "Wewe, futa jino." Unamchukia pale pale. Damu inakupanda. Lakini hebu niambie, kati ya wote hao, nani alitaka ukubaliwe?

Wako watakaosema mimi napenda kutafuta makosa. Sipendi. Nikionja chakula kizuri roho yangu inacheza ngoma. Ninachopenda ni kuwaona watu wakila bila hofu. Na hofu haiondolewi na sifa, hata ukizimwaga kwa ndoo. Inaondolewa na mtu mmoja anayesimama na kusema: nimekitazama kitu hiki kwa macho yangu, kimepungua hapa, na mpikaji amesikia. Baada ya hapo hata chakula kibaya kinalika. Tumekula wali ulioungua kwenye matanga, tukaushukuru, kwa sababu aliyeuunguza aliambiwa na akakubali.

Na mimi je, nani ananionja mimi? Vuai. Tangu yuko mdogo. "Dada, leo umesema kwa hasira, hukusema kwa haki." Nilimtupia mwiko siku hiyo. Kisha nikakaa nikafikiri, nikamwambia nimesikia.

*

Karamu ilitandikwa uwanjani, chini ya jua lile lile. Mikeka iligusana mpaka ukutani. Mji wote ulikuja, waliofungwa na wasiofungwa, na Mkuu akakaa jukwaani peke yake kwenye kiti kilichomzidi. Katikati palikuwa na sufuria la pilau, kubwa kiasi cha watu wanne kulishika. Kando yake alisimama Vuai, amejifunga kitambaa kiunoni, jasho linamtiririka, mtu mzima mwenye ndevu zenye mvi, na mimi bado namwona mtoto.

Nikachota. Nikatia mdomoni. Nikasubiri ladha ije.

Haikuja.

Nikatafuna taratibu. Bizari ilikuwepo, kwa mbali, kama mtu anayeita akiwa ng'ambo ya ukuta. Nyama laini. Mchele umechambuka vizuri. Na yote hayo yalikuwa yamelala tu mdomoni, hayana uhai. Nikamsogelea Vuai, nikamwuliza chini kwa chini, "Umetia chumvi wewe?"

"Nimetia mpaka mkono umechoka, dada. Magunia yale pale. Ya ghala. Idara imeyaleta yenyewe, wakakataza nisitie ya nyumbani."

Nyumbani chumvi yetu hatununui. Upepo wa mashariki unaileta kutoka Uwanda Mweupe, unaiacha kwenye vizingiti vya madirisha, wanawake wanaikwangua na kuifunga kwenye pindo la kanga. Ya ghala inakwenda Nyumba ya Juu. Nikainama kwenye gunia, nikatia kidole, nikalamba. Chaki! Chaki tupu, ya kuandikia ubaoni, imesagwa ikawa laini. Mtu alikuwa ameiuza chumvi ya mji, akajaza chaki, na kwa kuwa kasoro hazitajwi, kila aliyeonja alimeza akasema kitamu. Nikanyanyua macho nikamtazama Mkuu kule jukwaani, na shingo yake ile nyembamba. Nikaelewa ugonjwa wake.

"Vuai," nikasema.

"Najua." Alikuwa anatazama kitambaa cha hariri mikononi mwa Bwana Mchenga, hatua chache nyuma yangu. "Sema halina kasoro, dada. Nitakwenda. Miguu ninayo, na huko nako kuna watu wetu. Wewe bila kinywa utakuwa nani?"

Bila kinywa nitakuwa nani. Swali zuri. Nitakuwa mwanamke anayekunywa uji kwa mrija. Nitawasikia watu wakikosea na nitawatazama. Mama atanyamaza ndani yangu, bibi atanyamaza, wote watatu tutakaa gizani nyuma ya neno ASANTE. Naogopa? Naogopa sana. Lakini hebu geuza swali. Na kinywa hiki nitakuwa nani, nikimpeleka ndugu yangu uwandani kwa maneno mawili ya uongo? Kitabaki kimefunguka, ndiyo. Mlango wa nyumba iliyohamwa nao umefunguka.

Nikasimama wima.

"Pilau hili lina kasoro!" nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya wanawake watatu. "Halina chumvi. Halina hata chembe. Mpishi hana hatia. Ametia alichopewa, na alichopewa ni chaki. Chumvi ya ghala si chumvi!"

Vuai alifumba macho, machozi yakamtoka kwenye kope. "Nimesikia," akajibu, kama ilivyo ada.

Sijui kama umewahi kusikia mji ukishusha pumzi. Nilisikia. Halafu nikasikia maji: watu walikuwa wananawa mikono.

Bwana Mchenga alinifunga pale pale. Hakuwa na papara. Alizungusha hariri, akavuta, akapiga fundo juu ya fundo. Ilinukia sabuni. Nikakaa mkekani, na mbele yangu mji ulikuwa unakula. Wanawake walifungua pindo za kanga zao, wakanyunyiza chumvi ya madirishani, wakapitishiana kidogo kidogo, huyu kwa yule. Waliofungwa nao walitiliwa mchuzi kwenye mirija yao. Watu walikuwa wanacheka midomo imejaa. Bwana Mchenga alizunguka akitafuta wa kumkamata, lakini kula pilau kulikuwa hakujakatazwa.

Vuai akachukua sahani, akapakua, akaomba chumvi kwa mama mmoja, akapanda jukwaani. Walinzi hawakumzuia, walikuwa wanakula. Akamwekea Mkuu magotini.

"Onja, Mtukufu. Taratibu, pana pilipili."

Mkuu akaonja. Taya zikasimama. Akaonja tena, akafumba macho, na uso wake ukaanza kuvunjika kama wa mtoto aliyepotea sokoni akaona nguo ya mama yake. "Kumbe!" akasema. "Kumbe mzima! Ulimi wangu mzima jamani, siyo mimi, haikuwa mimi!" Akala kwa mikono miwili, wali unamwagika kifuani, analia wazi wazi, wala hakujifuta. Kisha akainua macho akamtafuta Bwana Mchenga. Bwana Mchenga alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mkuu akasimama, sahani mkononi. Pengine ilikuwa ile furaha ya kurudishiwa ladha. Pengine alikumbuka kigoda cha sokoni na ndizi mbichi. Akauliza kwa sauti, na alikuwa bado anatabasamu, "Na mimi? Nina kasoro gani mimi?"

Hakuna aliyejibu.

Alisubiri. Tabasamu likawa linasubiri naye. Karibu na jukwaa mzee mmoja akasukuma sahani yake mbele, polepole. Jirani yake akasukuma yake. Sauti ya sahani zikikwaruza ardhi ikatembea mkeka hadi mkeka mpaka ukutani. Kisha watu wakaanza kusimama. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeokota jiwe. Walisogea tu, huku na huku, na katikati yao njia ikafunguka, nyeupe, imenyooka kutoka jukwaani hadi lango la mashariki.

Mkuu aliitazama njia ile. Yeye ni mtoto wa mji huu, hakuhitaji kufafanuliwa. Sahani ikamponyoka.

Akashuka. Alishuka mbio, akajikwaa kwenye ngazi ya mwisho, na badala ya kuifuata njia akaikata, akaja mkekani kwangu, akapiga magoti nyuma yangu. Nikahisi vidole vyake kisogoni, vinateleza kwa mafuta ya pilau. Fundo likakataa. Akalivuta kwa kucha, likakataa. Akainama, nikasikia pumzi yake shingoni, akaling'ata kwa meno, akalivuta huku na huku, Mkuu wa mji mzima, mpaka hariri ikalegea ikaniangukia mapajani. Taya zilikuwa zinaniuma. Chini ya goti langu, ukingoni mwa mkeka, niliona kitu cheusi kidogo, nikadhani ni doa la mchuzi. Kilikuwa kivuli changu.

"Sema," akaniambia. "Mize, nakuomba, sema."

Nikameza mate. Nikawatazama watu wamesimama na njia yao, nikamtazama Vuai, nikamtazama mwalimu wa paa linalovuja na kitambaa chake mdomoni.

"Kwanza wafungue na wale," nikasema, "nao wana yao ya kusema. Kisha urudi hapa utafute pa kukaa, Mkuu. Kasoro yako si moja."

Akaenda akawafungua, mmoja baada ya mwingine, kwa meno. Aliporudi midomo yake ilikuwa imechubuka. Akavuta lile gunia la chaki, akakaa.